Mkono Usiobonyeza

Akina mama wajawazito wa Kakamega walimjua Nasambu kwa mkono kabla ya kumjua kwa sura. Chumba chake cha ultrasaundi, katika zahanati moja nyuma ya soko, kilitiwa giza makusudi ili picha kwenye skrini ionekane vizuri. Mtu akishalala pale kitandani alichoona ni kivuli tu, na alichosikia ni ubaridi wa jeli tumboni, kisha mkono. Na ule ulikuwa mkono kweli. Ulikizamisha kichwa cha mashine tumboni kama mtu anayekanda unga wa chapati za harusi, mpaka mgonjwa akashika ukingo wa kitanda na kumwita Yesu kwa sauti ya chini.

Lakini picha alizipata, hilo hakuna aliyebisha. Wajawazito walioambiwa kwingine kwamba mtoto amekaa vibaya, haonekani, walitumwa kwa Nasambu, naye akamwona mtoto na kichwa chake na vidole vyake vyote. Hakuwa na siri yoyote. Yeyote aliyemuuliza alimwambia kwamba mafuta ni pazia. Kati ya ngozi na kile unachokitafuta kuna mafuta, na pazia husukumwa kando. Basi alisukuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkono wake wa kulia ukawa na nguvu kuliko wa mumewe Protus, ambaye kazi yake ni kuendesha trekta la kubeba miwa.

Ndipo akaja Daktari Kemunto, mtafiti kutoka Kisii, mwanamke mwembamba anayesema polepole na asiyependa kurudia neno. Alitaka watu wawili wenye uzoefu wa ultrasaundi wamsaidie kupima mafuta ya watoto wa shule. Mizani haina akili, alieleza. Inajua uzito, lakini haijui kama uzito huo ni wa mifupa, wa nyama au wa mafuta. Viko vibano vya kufinya ngozi, ila watoto huvichukia, na kila mfinyaji hufinya kivyake. Ultrasaundi haichomi wala haifinyi. Unaweka kichwa cha mashine juu ya ngozi, na kwenye skrini mafuta yanaonekana kama utepe mweusi kati ya ngozi na msuli. Unapima unene wa utepe huo kwa milimita mahali kadhaa mwilini, tangu mkono wa juu hadi shavu la mguu, kisha hesabu inakadiria mtoto ana mafuta kiasi gani kwa jumla.

Nasambu alisikiliza kwa hamu. Si kwamba aliichoka zahanati, alichoka hofu. Watu hawalali kwenye kile kitanda kwa raha. Wanalala wakiwa na woga, na siku nyingine woga wao una sababu, na anayeiona sababu hiyo kabla ya mtu yeyote duniani ni yeye, peke yake, gizani, akijitahidi uso usimbadilike. Na hapa palikuwa na kazi ya mchana, darasani, kati ya watoto wazima wenye afya zao. Aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu aolewe, na hata kuolewa kwenyewe hakukutaka hivyo.

Alichaguliwa, naye akafanya kosa la kwanza, ambalo ni kujisifu mapema. Kwao ni kijijini karibu na Bukura, ambako miwa imezunguka nyumba hata upepo ukivuma huwezi kujua kama ni majani au kunanyesha. Jumapili hiyohiyo alisimama mbele ya akina mama wa kanisa akawapa habari zote. Wakamwombea, wakamwimbia, wakamsindikiza hadi langoni kwake. Kwa jinsi alivyokuwa amevimba kichwa, akamwambia Daktari Kemunto kwamba shule bora ya majaribio ni ile ya kijijini kwao. Mwalimu mkuu alikubali, wazazi wakakubali, na watoto kumi na wawili wakapatikana.

Majaribio yenyewe yalikuwa mepesi kueleweka. Kila mtoto apimwe na Nasambu, kisha apimwe na mwenzake Kiprono, kijana mkimya wa Nandi Hills, bila mmoja kuona namba za mwingine. Mafuta ya mtoto hayawezi kuongezeka wala kupungua kati ya mtu huyu na yule. Kwa hiyo namba zikikubaliana, wote wawili wanajua kazi. Zisipokubaliana, kuna anayekosea.

Hazikukubaliana hata kidogo. Kwa kila mtoto, namba za Nasambu zilitoka chini ya zile za Kiprono, na Daktari Kemunto, aliyewapima wachache yeye mwenyewe ili ahakikishe, alikubaliana na Kiprono. Alimwita Nasambu kando akamwonyesha picha mbili za mtoto mmoja, mahali palepale tumboni. Katika ya Kiprono, juu ya ngozi kulikuwa na tabaka nene la jeli, na chini yake utepe wa mafuta umetulia. Katika ya Nasambu jeli ilikuwa imekwisha kabisa, na utepe umebanwa mpaka umekuwa uzi.

“Unakamua,” alisema Daktari Kemunto. “Kichwa cha mashine kinatakiwa kuelea juu ya jeli. Kisiguse ngozi. Mafuta ni laini, ukiyabonyeza yanakimbia.”

Nasambu alijitetea kwamba ndivyo alivyozoea, kwamba mafuta yakikaa mbele huwezi kuona kitu. Daktari akamjibu kwamba hapa hakuna kingine cha kuona, mafuta ndiyo yanayotafutwa. Akampa nafasi moja zaidi, Jumamosi iliyofuata, kwa watoto walewale. Mkono ukikataa tena, atatafutwa mtu mwingine, naye atarudi kwa wajawazito wake, ambao bila shaka wanamhitaji. Alilisema hilo kwa upole, na ule upole ndio uliomuumiza Nasambu. Mtu akikufokea angalau unapata la kumchukia.

Kwa wale akina mama wa kanisa alitabasamu akasema kazi inaendelea. Jikoni kwake hakuweza kudanganya. Alimwambia Protus kila kitu, huku mama mkwe, mzee Ayuma, ameketi kwenye kiti chake cha chini akichambua maharagwe bila kuinua macho.

“Namba zangu zilitoka chini,” Nasambu alisema. “Kila mtoto. Za mwenzangu juu, zangu chini. Jumamosi zikitoka chini tena, basi, sina kazi.”

Ayuma alikuwa mwanamke wa maneno machache, na katika machache hayo, ya kumsifu mke wa mwanawe hayakuwahi kuwamo. Kazi ya ultrasaundi aliielewa kuwa ni kukaa gizani ukiwapaka watu kitu kama mate ya konokono. Alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta maganda kwenye kanga, akatoka kwenda kufungia kuku wake.

Protus, ambaye ni mtu wa vitendo, alivua shati akalala kwenye kochi. Alikuwa na tumbo lililokaa vizuri, tumbo la mtu anayekaa kwenye usukani kutwa na kula obusuma, ugali wa kwao, mara mbili, na akalitoa kwa moyo safi liwe uwanja wa mazoezi. Nasambu alimpaka jeli kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akashika kipande cha sabuni ya kufulia mahali pa kichwa cha mashine, akakishusha taratibu. Tumbo likabonyea. Akajaribu tena, likabonyea. Alijikumbusha kwa sauti, akavuta pumzi, akafumba macho, na sabuni ikaacha bonde. Protus alicheka mpaka jeli ikamwagikia kochi, halafu akaona uso wa mkewe, akaacha kucheka. Wiki nzima walifanya vile kila jioni. Mkono ulielewa, ukakubali, kisha ukafanya ulichozoea.

Jumamosi, Nasambu aliondoka mapema kwenda mjini ili aje na gari la Daktari Kemunto lililobeba mashine. Walipofika shuleni waliunganisha madawati, wakatandika godoro jembamba na shuka, wakasubiri. Watoto hawakuonekana. Kiprono alichora mstari sakafuni kwa kiatu. Daktari aliangalia saa, kisha Nasambu, kisha saa.

Hatimaye wakatokea kwenye njia ya kati ya miwa, na Nasambu akajua mara moja kwamba kuna jambo. Watoto hutembea mbio. Hawa walikuja polepole kwa mstari, mikono tumboni, kama wazee wanaotoka kwenye karamu. Midomo iling'aa. Wa mbele alikuwa Mitchel, msichana wa gredi ya nne mwenye umbo kubwa, ambaye wenzake walimwita Tinga kwa sababu walisema ana uzito wa trekta, na hata Mitchel leo alionekana kushindwa na safari.

Nasambu aliwauliza wametoka wapi. Wakamwambia wametoka kwake. Kukhu Ayuma aliwaita tangu asubuhi, yeye na nyanya wengine watatu wa jirani, akawaketisha uani akawalisha. Walikula obusuma, wakala ingokho, kuku wa kienyeji, wakanywa uji wa maziwa, na aliyesema ameshiba aliambiwa akae chini aongezewe. Mmoja alieleza kwa heshima kwamba kuku walikuwa watano.

Nasambu alitamani sakafu immeze. Kuku watano, siku ambayo riziki yake ilikuwa imening'inia. Alimgeukia daktari akaanza kuomba radhi, lakini Daktari Kemunto aliinua mkono tu. Chakula kiko tumboni, alisema, na tumbo liko chini ya msuli. Mafuta ya chini ya ngozi hayana habari na kiamsha kinywa cha leo. Wataendelea. Tatizo ni kama hawa watoto wataweza kulala kifudifudi bila kulalamika.

Tatizo halikuwa hilo. Kulikuwa kumenyesha kidogo alfajiri, kisha jua likatoka kwa nguvu, na darasa la mabati likapata joto tamu. Kiprono alianza. Watoto wa kwanza walicheka kwa ubaridi wa jeli kama walivyocheka wiki iliyopita, akawaambia watulie, wakazidi kucheka, na kila kicheko kikaharibu picha. Lakini ilipofika zamu ya Nasambu kumpima Mitchel, kuku na uji na lile joto vilikuwa vimeshafanya kazi yao. Msichana alijilaza godoroni, akapiga miayo, akasema “mwalimu, niamshe,” na kabla Nasambu hajafungua chupa ya jeli alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Nasambu alimtazama Daktari. Daktari alinong'ona kwamba aliyelala anapumua vizuri, picha itatulia, ampime hivyohivyo, ila asimwamshe.

Hilo neno la mwisho ndilo lililomfikia. Nasambu amelea watoto watatu, na wa mwisho alikuwa na usingizi mwepesi hata nzi akitua ukutani anaamka. Miezi na miezi alijifunza kumgusa paji la uso kujua kama ana homa, kumfunika shuka, kumtoa nywele machoni, bila yeye kujua kwamba ameguswa. Mkono huo alikuwa nao siku zote. Haukuwahi kuingia naye kazini kwa sababu kazini hakuna aliyekuwa amelala.

Alimwaga jeli nyingi, kilima kizima, juu ya alama iliyochorwa kwa kalamu kwenye tumbo la Mitchel. Akashusha kichwa cha mashine kama anayemfunika mtoto shuka. Kikagusa jeli, kikasimama hapo. Kwenye skrini tabaka la jeli lilitokea jeusi na nene, kisha mstari mweupe wa ngozi, kisha utepe wa mafuta, wote mzima, haujabanwa popote. Alikuwa ameyasukuma mafuta kando maisha yake yote ya kazi, na hii ndiyo mara ya kwanza aliyaona yalivyo. Aliona haya kidogo, halafu akafurahi mno, akamalizia alama zote, mgongo na paja na shavu la mguu, na Mitchel akiendelea kukoroma.

Kati ya watoto waliofuata, baadhi walilala wenyewe. Waliobaki macho aliwapa mchezo: wajifanye wamelala, naye atajaribu kuwagusa bila wao kuamka, na anayecheka ameamka. Wakafumba macho kwa bidii, wamekaza midomo, pumzi zimetulia. Kiprono alisimama akatazama, kisha akaanza kutumia mchezo huohuo.

Mitchel alipoamka aliuliza kama amepatikana na mafuta mengi kuliko wote, maana Tinga ni Tinga. Nasambu alimwonyesha skrini. Utepe wa mafuta ulikuwa wa kawaida kabisa, na chini yake msuli mnene wa kupendeza, msuli wa mtu anayebeba maji kutoka mtoni kila asubuhi. Alimwambia mizani ndiyo ilimsingizia. Mitchel aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akataka kujua kama anaweza kuipeleka darasani. Alipokataliwa alitoka nje akawaeleza wenzake kwa mdomo, na kwa kuongeza chumvi.

Daktari Kemunto aliketi na kompyuta yake mezani pa mwalimu, akaanza kulinganisha namba. Nasambu alijifanya anapangusa kichwa cha mashine. Alikipangusa mpaka kikawa kisafi kuliko kilivyotoka kiwandani. Kama imeshindikana leo haitawezekana tena, alijua hivyo, na Jumatatu atarudi kwenye giza lake, na akina mama wa kanisa watamwombea kwa namna nyingine.

Daktari alifunga kompyuta. Alisema namba za Nasambu na za Kiprono zimekaribiana kiasi kwamba hawezi kujua ipi ni ya nani. Kisha, jambo asilolifanya kwa kawaida, akarudia: “Siwezi kujua ipi ni ya nani. Wiki ijayo tunaanza.”

Nasambu alisema asante kwa sauti ndogo, akatoka nyuma ya darasa, akalia kidogo pale miwa inapoanzia, akajipangusa kwa kitambaa chenye jeli, akarudi na shavu linalong'aa.

Alipokuwa akitembea kwenda nyumbani, furaha ilipungua na hasira ikapanda. Imetokea vizuri, sawa, lakini ingeweza kutokea vibaya. Nani alimtuma mama kulisha watoto wa watu siku ile? Kama wangetapika je? Kama daktari angekasirika je? Alipofika uani alikuwa ameshapanga maneno yote, ya adabu lakini makali.

Ayuma alikuwa jikoni, kwenye kiti chake. Nje manyoya ya kuku yalikuwa yametapakaa, na banda lilikuwa kimya mno. Nasambu alisimama mlangoni akaona jinsi lilivyobaki tupu, jogoo na makoo wawili tu. Wale kuku mzee alikuwa hawagusi hata Krismasi. Maneno aliyoyapanga yakamtoka kichwani, likabaki moja.

“Mama, kwa nini?”

“Si ulisema namba zilitoka chini?” alisema Ayuma. “Mimi nilisikia. Watoto wa hapa wanakondanga sana wakati wa kupalilia, mama zao wanashinda shamba. Sasa daktari akuje apate hawana kitu kwa mwili, alafu aseme ni wewe hujui kazi? Hapana. Nikasema wakule, zipande.” Akakwaruza chungu. “Wewe unajua kazi. Hiyo mimi naambianga watu siku zote.”

Siku zote. Nasambu hakuwahi kulisikia hilo hata siku moja, na hapo mlangoni akaelewa kwamba lilikuwa likisemwa, ila kwa watu wengine, sokoni na kanisani na kisimani, kokote ambako yeye hayupo.

“Zilipanda?” mzee aliuliza.

Angeweza kumweleza. Angeweza kusema kwamba kuku aliyeliwa asubuhi hafiki chini ya ngozi kabla ya mchana, kwamba shida ilikuwa mkono wake wala si watoto, kwamba mafuta ukiyabonyeza yanakimbia. Na yote hayo yangekuwa kweli. Lakini ni kweli pia kwamba namba zilipanda, na bila usingizi wa wale kuku zisingepanda.

“Zilipanda, Mama,” alisema. “Zimefika kabisa. Nimepata kazi, na ni wewe umenipa.”

Ayuma aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Akafunua bakuli lililokuwa kando ya moto. Ndani mlikuwa na mafirigisi matano, ile imondo ambayo katika nyumba ile, tangu Nasambu aolewe humo, ilikuwa ya Protus, na kabla ya Protus ilikuwa ya baba yake, na mwanamke hakuigusa isipokuwa kuipika. Nasambu alingoja aambiwe ampelekee mumewe.

“Kaa chini ukule,” mzee alisema. “Protus nimemwekea shingo.”

Nasambu aliketi sakafuni karibu na kile kiti cha chini, akala yote matano.